Kitanda chenye Paa la Melimeli

Mke wa Fundi seremala aliitwa Mama Pazia. Wanawake wengine mtaani waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye hakujaaliwa mtoto, na kwa kuwa ilikuwa vigumu kupata nyumba pale isiyokuwa na pazia lililopita chini ya sindano yake, walimbandika jina la kazi. Aliliitikia vizuri tu, na waliomtania nalo aliwarudishia utani mpaka wakashika mbavu.

Mumewe alikuwa mpole, mtu wa maneno machache na vumbi la mbao kwenye nyusi. Kabla ya ndoa hii alikuwa na nyingine, na katika ile ya kwanza alizaliwa binti mmoja ambaye kwa alama nyeusi iliyo chini ya jicho lake walimwita Kidoti. Mtoto alilelewa na mama yake katika mji mwingine. Fundi ndiye aliyekuwa akisafiri kwenda kumwona, akirudi na picha, na Mama Pazia alimjua kwa hizo picha: mara hana meno ya mbele, mara anayo, mara amerefuka ghafla kama mhindi baada ya mvua.

Mwaka ule mama yake Kidoti alipata kazi ng'ambo, kazi ya mkataba, mahali asipoweza kwenda na mtoto. Fundi alipomweleza mkewe, Mama Pazia hakusita. Alisema mtoto ni wetu sote, aje, nyumba ni yake. Na aliyasema kwa moyo mweupe. Moyo huo ulidumu mweupe mpaka kesho yake, aliposikia Fundi akizungumza na binti yake kwenye simu kibarazani, akimuuliza angependa chumba chake kiweje. Fundi alikuwa akicheka, kicheko kirefu cha tumboni. Mama Pazia alisimama nyuma ya mlango na ufagio mkononi akajaribu kukumbuka ni lini yeye aliwahi kumtoa mumewe kicheko kile.

"Anataka kitanda chenye paa la kitambaa," Fundi alisema alipoingia ndani, uso umemchangamka. "Kile cha nguzo nne, cha kifalme. Na kuta za buluu. Cherehani tutaihamishia sebuleni."

Alilisema hilo la mwisho kama mtu anayesema kiti kisogezwe kidogo. Chumba chenyewe kilikuwa ndicho pekee ndani ya nyumba kilichopata jua la asubuhi. Humo Mama Pazia alikuwa na meza yake ya kukatia, na ukutani misumari aliyoipigilia mwenyewe kutundika mikasi na rula, na kwenye dirisha kopo la vifungo vilivyopotezana na wenzao. Alitaka kusema neno. Lakini neno gani, na jana tu ametangaza nyumba ni ya mtoto? Akafyata ulimi, akaenda kukunja vitambaa vyake.

Kilichomkaa rohoni zaidi, hata hivyo, kilikuwa kitanda. Yeye na Fundi walilalia kitanda cha chuma walichokinunua kikiwa kimeshatumika, mwanzo wa ndoa, eti kwa muda. Ukijigeuza kinalia kama mlango wa ghala. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, nao ulitiwa kipande cha ubao chini. Mwaka ule ule wa kwanza Mama Pazia alimwomba mumewe kitanda cha mbao, na Fundi akakubali kwa furaha, akasema ngoja ipatikane mbao nzuri. Mbao nzuri ilipatikana, ikapatikana tena, ikapita karakana nyuma ya nyumba ikawa vitanda vya maharusi wa watu, vitanda vya hoteli, hata kitanda cha daktari wa mifugo ambaye kila mtu alijua analala kwenye kochi lake. Mama Pazia aliacha kuuliza. Alijiambia mwanamume ana kazi nyingi.

Sasa yule yule mwenye kazi nyingi alikuwa akiamka na ndege. Wateja waliokuja kuulizia makabati yao waliambiwa wasubiri. Nguzo za kitanda alizikereza moja moja kwenye mashine, kiuno chembamba hapa, tumbo la mviringo pale, kisha akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama shavu. Na alikuwa akipiga mluzi. Hilo ndilo lililomchoma mkewe kuliko yote. Miaka yote ya ndoa hakujua kwamba mumewe anaweza kupiga mluzi.

Siku moja alimpelekea chai akamkuta ameipakata nguzo mapajani, anaipapasa.

"Unaionaje?" Fundi aliuliza.

"Ni nguzo."

"Nguzo tu?"

"Nguzo nzuri," Mama Pazia alisema, akaweka kikombe juu ya rundo la takataka za randa na kurudi ndani. Fundi akacheka. Hakunusa kitu.

Jioni moja alirudi na furushi la melimeli nyeupe, kitambaa chepesi kiasi kwamba ukikipuliza kinanyanyuka. Alimwomba mkewe ashone besera, lile paa la kitanda, na mapazia ya pande zote. Alisema hakuna mwingine angemwamini kwa kazi hiyo. Maneno hayo siku nyingine yangempendeza. Siku ile aliyasikia kama mpishi anayeambiwa apike karamu ambayo hakualikwa.

Wazo la kuharibu lilimjia, na hakulifukuza mara moja. Angeweza kukata upande mmoja mfupi. Angeweza kuacha mapindo yafumuke baada ya kufuliwa. Alikaa mbele ya cherehani pale sebuleni, mgongo umeelekea mlango wa jikoni, magoti yamebanwa na meza ya kahawa, akajaribu kwa makusudi kushona kombo. Mikono ilikataa. Ilikuwa imezoea kunyoosha, na kila alipoiachia ilinyoosha. Alifumua mshono mmoja aliokuwa ameupotosha akaurudia ukawa sawasawa, na alijichukia kwa hilo.

Ndipo wivu ukabadilisha njia. Kama hawezi kushona vibaya, basi atashona vizuri hivi kwamba kila atakayeingia mle asiulize nani kachonga nguzo, aulize nani kashona. Akaanza. Paa alilitia marinda yaliyotoka katikati kama miale ya jua na kuenea hadi pembeni, kazi ya kumtoa mtu macho. Mapazia manne akayatia mapindo mapana na utepe wa kuyafungia. Sandukuni alikuwa na lesi aliyoitunza tangu harusi yake kwa ajili ya kitu ambacho hakukijua. Aliitoa akaizungushia foronya. Fundi alipomkumbusha habari ya kuta za buluu, alisema buluu hufanya chumba kiwe na baridi, na akapaka mwenyewe, kitambaa kichwani, rangi ya maziwa yaliyotiwa asali kidogo. Akaweka kioo mahali pa misumari yake. Akaweka taa ndogo yenye kofia ya kitambaa, na mkeka laini wa kukanyaga mtu anapoamka.

Fundi alipoviunganisha vyote, nguzo na chaga na paa, alirudi nyuma mpaka mlangoni akatazama kwa muda.

"Mke wangu," alisema, "umemfanyia mtoto makubwa."

Mama Pazia alishtuka. Tangu aanze kushona hakuwa amemfikiria mtoto hata mara moja.

Siku ya mgeni ilipofika, basi lilitarajiwa jioni. Kidoti angeletwa na mama yake, ambaye angelala hapo kisha asubuhi aanze safari yake ndefu. Jambo hilo nalo Mama Pazia alikuwa amelimeza bila maji. Alikuwa ameshajiandalia majibu kwa ajili ya yule mwanamke, kwani kichwani mwake alikuwa mrefu, mwenye shingo na maringo, atakayepitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi.

Mchana Fundi alitoka kupeleka viti kwa mteja. Nyumba ilitulia. Mama Pazia aliingia chumbani kunyoosha pazia moja ambalo halikuhitaji kunyooshwa. Alivua ndala. Alikaa ukingoni, halafu akajilaza, kuona tu. Kitanda hakikulia. Alivuta mapazia pande zote, na mwanga wa dirisha ukapoa ukawa kama mwanga wa ndani ya yai. Juu yake marinda yalikuwa yakitawanyika kutoka katikati, kila moja akilijua kwa mkono. Alijaribu kufikiri inakuwaje kuwa mtu ambaye kwa ajili yake mwanamume huamka na ndege. Alitaka kulia kidogo, kwa kuwa nafasi ilikuwepo na hapakuwa na mtu, lakini usingizi ulimwahi.

Alizinduliwa na sauti nyembamba.

"Mama, kuna mtu kitandani kwangu."

Pazia lilifunguliwa. Mbele yake alisimama msichana mwenye doti chini ya jicho, na nyuma ya msichana mwanamke mfupi, mnene kiasi, viatu mkononi, miguu imemvimba kwa safari. Walikuwa wamepata gari la jirani yao likawawahisha. Mwanamke alieleza kwa upole kwamba walibisha hodi mpaka vidole vikauma, na mlango ulikuwa wazi.

Mama Pazia aliketi, nywele zimesimama upande mmoja, alama ya lesi imechapwa shavuni. Yale majibu yote aliyojiandalia yalimkimbia.

"Nilikuwa nakijaribu," alisema. "Kama kimekaza."

"Na kimekaza?" yule mwanamke aliuliza.

"Kimekaza."

Pembe ya mdomo wa mgeni ilicheza kidogo, lakini hakucheka. Kidoti alitoa shikamoo, akamwita mama mdogo kama alivyofundishwa, kisha akatazama chumba kwa zamu, ukuta hadi ukuta.

"Nilisema buluu," alisema.

Mama yake alimgusa bega. Mtoto akanyamaza, ila macho yake yaliendelea kulisema.

Walipomaliza kunywa chai, Kidoti alitoka uani kuiangalia karakana, na wanawake wawili wakabaki na vikombe vitupu. Mama yake Kidoti aliomba akitazame tena kile kitanda. Alishika nguzo, akapandisha mkono taratibu hadi kwenye kitambaa.

"Kakichonga mwenyewe?" aliuliza.

"Mwenyewe. Kila nguzo."

"Mimi nilimwomba kitanda tangu naingia kwake. Niliondoka ningali nikilala kwenye godoro sakafuni. Kila siku mbao nzuri haijapatikana."

Mama Pazia alicheka kabla hajajizuia. Wakacheka wote wawili, mmoja ameshika nguzo hii na mwingine ile, na kwa muda mfupi wakawa kama watu waliosoma darasa moja chini ya mwalimu mmoja mzito wa kusikia. Kisha mgeni alikaa ukingoni akaacha kucheka.

"Nisikufiche," alisema. "Nilipoingia nikakukuta umelala hapa, roho iliniuma. Si kwa kitanda. Nilikuona jinsi utakavyokuwa ukiingia humu kila asubuhi kumwamsha, ukijua ameota nini, anaumwa wapi. Mimi nitaletewa habari tu. Nikakuonea wivu mpaka nikataka kumshika mkono turudi."

 Kwa wiki kadhaa Mama Pazia alikuwa amejiona ndiye mwenye wivu peke yake duniani, na sasa mtu alikuwa akimwonea yeye, kwa jambo ambalo bado hajalipata na ambalo hakuwa hata amelitaka sawasawa. Alisema tu kwamba atamtunza. Lilitoka kavu, kama ahadi anayopewa mteja, na mwenzake aliitika kwa kichwa.

Fundi alirudi, Kidoti akamrukia shingoni, na hapo Mama Pazia alijifunza kwamba kuzungumza na mtu vizuri hakuondoi kitu. Alimwangalia mumewe akimzungusha binti yake chumbani, akigonga nguzo kwa kiganja, akimwonyesha jinsi kila kiungo kilivyoshika bila msumari. Walipokula, Fundi alimsogezea binti kipande kizuri. Baada ya chakula mama na mwana waliingia kitandani pamoja, taa ndogo ikiwaka, na kicheko chao kilipita ukutani hadi kwenye kitanda cha chuma. Walicheka chini ya marinda yake. Mama Pazia alijigeuza, chuma kikalia, na Fundi, ambaye naye alikuwa akisikiliza huku akitabasamu, alimuuliza kama ana joto.

"Sina joto," alisema.

Asubuhi gari la kwenda mbali lilikuja. Kidoti hakulia alipoagana na mama yake. Alipunga mkono kama mtu mzima, akaingia chumbani, akavuta mapazia ya kitanda yote manne, na kwa tepe za mapindo akayafunga kwa ndani.

Fundi alijaribu. Alisimama nje ya pazia akaahidi rafu ya vitabu, akaahidi bembea, akaahidi sanduku lenye kufuli. Tepe hazikufunguliwa. Alitoka akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba hajui la kufanya, na akaenda karakana ambako hakuwasha mashine yoyote.

Mama Pazia naye hakujua. Alikuwa hajawahi kubembeleza mtoto wa kuzaa wala wa kupewa. Aliingia, akaketi sakafuni juu ya ule mkeka laini, mgongo kwenye ubavu wa kitanda, akatazama ukuta wa maziwa na asali. Kwa mara ya kwanza aliuona jinsi mtoto alivyouona. Kilikuwa chumba cha mwanamke mzima.

"Rangi hii niliichagua mimi," alisema. "Na taa. Na kioo. Wewe ulisema buluu na nilisikia."

 Halafu sauti ikatoka ndani ya kitambaa.

"Kwa nini ulilala kwangu?"

Angeweza kurudia ile ya kukijaribu. "Kwa sababu ni kizuri," alisema. "Baba yako hajawahi kunitengenezea mimi. Nilikuonea wivu."

"Wewe ni mkubwa."

"Ndiyo. Hata mimi nilishangaa."

Godoro lilibonyea kidogo mtoto akijisogeza. Alikuwa sasa karibu, nyuma tu ya kitambaa, na pumzi yake ililisukuma na kulirudisha.

"Mama amesema nikupe muda," Kidoti alisema.

"Muda gani?"

"Hakusema."

Mama Pazia aliona hilo ni la haki. Alibaki pale. Hakumwambia afungue. Jua lilipofika kwenye kioo likarudi usoni mwake, fundo la utepe lililegea na mkono ukatoka, si kumshika yeye, bali kumwashiria apishe njia ya kwenda choo.

Buluu waliipaka wote wawili. Kidoti alichagua buluu kali kuliko Mama Pazia alivyoweza kuivumilia, na aliivumilia. Kioo kikahamia sebuleni. Besera ilibaki, kwa kuwa mtoto alisema akilala chali huyahesabu marinda na hajawahi kufika mwisho akiwa macho. Kwa sifa hiyo Mama Pazia alitembea siku nzima kama amevaa nguo mpya.

Mumewe naye, Mama Pazia alimkabili kule karakana, akiwa na brashi ya rangi bado mkononi. Alimwambia anataka kitanda cha mbao, na kwamba aliomba mwaka waliooana, na hatasubiri tena mbao nzuri. Fundi alikuna nyusi. Alidhani, alisema, kwamba mkewe alishasahau.

"Sikusahau. Nilinyamaza."

Fundi alikaa juu ya gogo. Alieleza polepole, akitafuta maneno kama mtu anayetafuta msumari ulioanguka kwenye vumbi, kwamba kwa binti yake hakuwahi kujenga kitu, kila mara alikwenda mgeni na kurudi mgeni. Aliogopa mtoto angekuja asikute alama yoyote ya kwamba alikuwa akingojewa. Yeye Mama Pazia alikuwa hapa kila siku, hakujua kwamba aliye hapa kila siku naye hungoja. Lilikuwa jibu la kweli na halikumfurahisha. Alimwambia aanze Jumatatu. Alianza Jumatano, bila mluzi, na kitanda kilipokamilika kilikuwa kizuri, kizito, cha kawaida. Mama Pazia alijitupa juu yake kusikia kama kitalia. Hakikulia, naye akakaa hapo juu na uso wa mtu aliyeshinda kesi baada ya kuchoka nayo.

Wivu haukwisha. Ulikuwa ukija na kuondoka kama maumivu ya jino, hasa jioni baba na binti walipokaa uani wakichonga vijiti na kucheka, na yeye akipiga cherehani sebuleni chini ya taa. Wakati mwingine alinyanyuka akaenda kukaa nao, wakati mwingine alibaki akajilisha kinyongo mpaka kikamshibisha. Kidoti alikuwa na siku za kumwita mama mdogo na siku za kutomwita lolote.

Jumapili moja mama yake Kidoti alipiga simu kutoka huko mbali. Mtoto alijifungia chumbani, wakaongea muda mrefu, na vicheko vile vya siku ya kwanza vikapita tena ukutani. Mama Pazia alisimamisha cherehani akasikiliza, bila kuona haya. Aliumia kidogo, mahali pale pale. Kisha mlango ukafunguliwa na Kidoti akamnyooshea simu. Alisema mama anataka kuongea naye.

Sauti ya mwenzake ilikuwa mbali, imechoka. Aliuliza kama mtoto ni mzima kweli, kwa sababu kwenye simu husema ni mzima tu. Mama Pazia alikaa kwenye kiti cha cherehani. Alimwambia jino la nyuma lilisumbua likang'olewa, na kwamba halii akiumwa bali hunyamaza na kukunja vidole vya miguu. Alimwambia kwamba viatu vya shule vimeanza kubana, kwamba anaogopa hesabu za visehemu, kwamba juzi aliota yuko ndani ya basi lisilo na dereva. Alieleza bila haraka, kimoja baada ya kingine, akijua vyote kwa moyo. Upande wa pili mwanamke alisikiliza bila kumkatiza. Mama Pazia alijua anampa zawadi, na alijua pia, kwa kuwa hakuwa malaika, kwamba kila neno lilikuwa likimchoma mwenzake kidogo. Aliendelea kueleza.